Sarafu za dhahabu za Ptolemaios: mfalme aliyefunga mlango wa pesa



Mwaka 2010, wanaakiolojia waliokuwa wakichimba mahali panapoitwa Tel Kedesh, kaskazini mwa Israeli, waliokota sarafu moja ya dhahabu. Walipoiweka kwenye mizani ilikuwa gramu 27.71. Kwa sarafu ya zamani huo ni uzito mkubwa sana, kwani sarafu ya dhahabu ya kawaida kwa Wagiriki haikufika hata gramu 9. Upande mmoja iko sura ya mwanamke aliyejitanda kitambaa kichwani. Upande wa pili ziko pembe mbili zilizojaa matunda, zimefungwa pamoja kwa utepe, na maneno ya Kigiriki yenye kusema kwamba hii ni ya Arsinoe Philadelphos, maana yake Arsinoe ampendaye ndugu yake.

Sarafu hiyo ilipigwa chapa mjini Alexandria, Misri, mwaka 191 mbele ya Kristo. Lakini Arsinoe mwenyewe alikufa karibu mwaka 270 mbele ya Kristo. Fanyeni hesabu: malkia ana miaka karibu 80 kaburini, na sura yake bado inatoka kiwandani kila siku, safi, bila kuzeeka.

Tukisikia habari za ufalme wenye dhahabu, wengi wetu tunawaza haraka: walikuwa na dhahabu, basi walikuwa na nguvu. Andiko hili linataka kuonyesha kitu kingine. Wafalme hawa wa Kigiriki wa Misri hawakupata nguvu juu ya dhahabu peke yake. Walipata nguvu juu walifunga mlango: walitunga sheria iliyomlazimisha kila mwenye pesa kupita mikononi mwao. Na nyuma ya mlango huo kulikuwa watu wengi ambao sura zao hazikuwekwa kwenye sarafu yoyote. Tuone namna gani mambo hayo yalikwenda.

1. Mgiriki kwenye kiti cha Farao

Alexander Mkuu, mfalme wa Makedonia, aliingia Misri mwaka 332 mbele ya Kristo, akaitoa mikononi mwa Waajemi. Mwaka uliofuata akaweka msingi wa mji wa Alexandria, kisha akaendelea na vita vyake mpaka India. Alikufa Babiloni mwaka 323, akiwa na miaka 32 tu, bila kuacha mrithi mwenye kuweza kutawala. Majemadari wake wakagawana ufalme kama watoto wanaogombania shamba la baba.

Mmoja wa majemadari hao, Ptolemaios mwana wa Lagos, alichukua Misri. Hakuwa na haraka. Kwanza alitawala kama gavana, kisha, karibu mwaka 305, akajiita mfalme. Ukoo wake ulitawala karibu miaka 300, na wafalme wote waliitwa Ptolemaios, mpaka malkia Cleopatra wa 7 alipokufa mwaka 30 mbele ya Kristo na Roma ikachukua nchi. Ni ufalme wa Kigiriki ndani ya Afrika. Mwandishi Plutarch anaeleza kwamba katika ukoo huo wote, Cleopatra ndiye wa kwanza kujifunza lugha ya Wamisri. Yaani watawala walikula ngano ya nchi miaka 300 karibu, na lugha ya wanaoilima haikuwahusu.

Wamisri wa kawaida hawakuwa na mazoea ya sarafu. Walihesabu mali kwa vipimo vya nafaka na kwa uzito wa shaba au fedha. Lakini Ptolemaios alikuwa na askari wa kukodiwa, Wagiriki na Wamakedonia, na askari wa namna hiyo huwezi kumlipa kwa kikapu cha ngano peke yake. Anataka sarafu. Basi ikapashwa sarafu zitengenezwe, tena nyingi.

2. Namna mlango ulivyofungwa

Hapa ndipo shida ilipoanza. Pesa ya Wagiriki ilisimama juu ya fedha, yaani ile madini nyeupe. Katika Kiswahili neno "fedha" ni madini na pia ni pesa, na kwa Wagiriki wa wakati ule mambo yalikuwa karibu hivyo hivyo. Sarafu yao kubwa, ya drakma 4, ilikuwa na gramu 17 na kidogo za fedha. Uzito huo ulijulikana Athene, ukajulikana kotekote Alexander alikopita. Mfanyabiashara angeweza kusafiri kutoka Makedonia mpaka Babiloni na sarafu za uzito mmoja.

Misri haikuwa na migodi ya fedha ya maana. Kila gramu ilipashwa kutoka inje. Ptolemaios wa kwanza akafanya jambo ambalo majirani zake hawakulifanya: akapunguza uzito. Hakupunguza kwa siku moja. Alianza na uzito wa Alexander, akashuka kidogo, akashuka tena, na mwishoni sarafu ya drakma 4 ya Misri ikabaki na gramu 14 na kidogo. Jina ni lile lile, drakma ni zile zile 4, lakini gramu 3 hivi zimetoweka.

Sasa, nani mjinga wa kutoa sarafu ya gramu 17 na kupokea ya gramu 14? Soko likiwa wazi, hakuna. Kwa hiyo mfalme akafunga soko. Ndani ya Misri, na katika nchi alizozitawala kama Kipro na Foinike, sarafu yenye kukubaliwa ilikuwa ya mfalme tu. Mgeni akishuka bandarini Alexandria na pesa ya Athene au ya Rodo, inapashwa aipeleke kubadilishwa mbele ya kununua hata kikapu kimoja. Wanahistoria wengi wanaona kwamba alibadilishiwa moja kwa moja: umetoa nzito moja, umepata nyepesi moja. Tofauti inabaki kwa mfalme, karibu sehemu moja kwa sita ya uzito.

Ushahidi uko ardhini. Akiba za sarafu zilizofichwa Misri kuanzia miaka ya 300 mbele ya Kristo na kuendelea zina karibu sarafu za Ptolemaios tu. Katika nchi jirani, chungu kimoja kinaweza kuwa na sarafu za wafalme watano. Misri hapana.

Juu ya nini wafanyabiashara walikubali hasara hiyo? Hapa ruhusa nizungumze kama mtu wa kilimo. Walikubali juu ya ngano. Kila mwaka Nili ilifurika, ikaacha udongo mpya juu ya mashamba, na bila kuweka mbolea nyingine nchi ilitoa mavuno ambayo miji ya Wagiriki, yenye mashamba ya mawe na mvua ya kubahatisha, haikuweza kutoa. Mwenye njaa hapimi sana sarafu. Pamoja na ngano kulikuwa mafunjo ya kuandikia na vitambaa vya kitani. Nyuma ya sarafu nyepesi kulikuwa na ghala lililojaa, na ghala ndilo lililoifanya sarafu ikubalike. Mfalme mwingine asiyekuwa na ngano angejaribu mchezo huo, bandari yake ingebaki tupu.

3. Dhahabu inaingia kazini

Fedha ikiwa chache, dhahabu inasaidia. Ptolemaios wa kwanza alitoa sarafu ndogo ya dhahabu, na juu yake akaweka sura yake mwenyewe, kidevu kikubwa na macho makali. Alikuwa kati ya watawala wa kwanza wa Kigiriki kuweka uso wao kwenye pesa wakiwa bado hai. Mbele yake ilikuwa kazi ya miungu. Upande wa pili aliweka Alexander amesimama kwenye gari linalovutwa na tembo wanne. Ujumbe wake ulikuwa wazi: yule mkubwa alinitangulia, mimi ndiye mrithi wake.

Kisha ikaja sarafu kubwa zaidi ya gramu 17.8 za dhahabu, iliyoitwa trikriso. Thamani yake iliwekwa kuwa drakma 60 za fedha.

Mwanawe, Ptolemaios wa 2, akaenda mbele zaidi. Huyu alimuoa dada yake wa tumbo moja, Arsinoe wa 2, jambo lililowashangaza Wagiriki lakini lililowafuata mafarao wa kale. Wakati wake ikatoka sarafu ya gramu 27.8, iliyoitwa mnaieioni, maana yake "ya mina moja", yaani drakma 100. Pamoja nayo ikatoka nusu yake, ya drakma 50. Kuna moja yenye sura nne: upande mmoja mfalme na dada yake, upande wa pili baba na mama yao, na maneno yakiwaita miungu. Nyingine ni ya Arsinoe peke yake, ile ya kitambaa na pembe mbili. Hiyo iliendelea kutolewa na wafalme waliofuata kwa zaidi ya miaka 100.

Tupige hesabu kidogo. Trikriso: gramu 17.8 kwa drakma 60. Kila drakma inasimama juu ya gramu 0.297 za dhahabu. Mnaieioni: gramu 27.8 kwa drakma 100. Kila drakma inasimama juu ya gramu 0.278. Umeona? Sarafu imekuwa kubwa, inang'aa zaidi, lakini dhahabu iliyo nyuma ya kila drakma imepungua karibu asilimia 6. Aliyeleta trikriso za zamani ili zipigwe upya alimwachia mfalme sehemu yake bila kuambiwa kwamba ni kodi. Hiyo ndiyo akili ya mlango uliofungwa.

4. Barua ya mkubwa wa kiwanda

Mambo haya yote tungeyajua kwa kupima sarafu tu, kama si wakulima wa Misri. Karibu mwaka 1914 na 1915, wakulima walikuwa wakichimba katika magofu ya mji wa Philadelphia, eneo la Fayum. Hawakutafuta historia. Walitafuta udongo wa matofali yaliyooza, wenye kurutubisha mashamba. Wakakuta makaratasi ya mafunjo, karibu 2,000 kwa jumla, yaliyokuwa mali ya karani mmoja aitwaye Zenon. Huyu alifanya kazi kwa Apollonios, aliyekuwa waziri wa mapato wa Ptolemaios wa 2. Historia ya uchumi wa ufalme mzima ilipatikana kwa ajili ya mbolea. Sisi wa agronomia tunaruhusiwa kujisifu kidogo.

Kati ya makaratasi hayo iko barua ya mwaka 258 mbele ya Kristo. Mwandishi ni Demetrios, aliyesimamia kiwanda cha sarafu Alexandria. Anamwandikia Apollonios, na inaonekana amechoka. Naieleza kwa maneno yangu.

Anaanza na hesabu: amepokea vipande 57,000 vya dhahabu, amevipiga upya na amevirudisha. Si kazi ndogo hiyo. Kisha anasema kwamba tungepokea mara nyingi zaidi ya hapo, lakini kuna kizuizi. Wageni wanaokuja kwa meli, wafanyabiashara na madalali wanaleta pesa nzuri za kwao, na wengine wanaleta zile trikriso za zamani, wanataka zibadilishwe kuwa pesa mpya. Amri ya mfalme inasema tuzipokee. Lakini afisa mmoja, Philaretos, hanipi ruhusa ya kuzipokea. Hatujui twende kwa nani, basi tunalazimika kukataa.

Matokeo ni nini? Watu wananung'unika. Dhahabu yao haipokelewi na benki, haipokelewi na kiwanda, na bila pesa mpya hawawezi kutuma watu vijijini kununua bidhaa. Dhahabu imelala tu nyumbani. Wameiagiza kutoka inje, na sasa hata wakishusha bei hakuna mtu wa kuitaka. Wakaaji wa mji nao wana taabu yao: dhahabu iliyochakaa hawajui waipeleke wapi ili, kwa kuongeza kitu kidogo, wapate nzima.

Mwishoni anatoa shauri lake: ni faida dhahabu nyingi iingie kutoka inje, na pesa ya mfalme iwe nzuri na mpya siku zote, bila mfalme kugharamika. Na kuhusu namna watu fulani wanavyomtendea kazini, anaona afadhali asiandike. Atasema Apollonios akifika.

Someni tena habari hiyo polepole. Mtu ana dhahabu halisi mkononi, uzito kamili, na hawezi kununua kitu! Huku kwetu Kongo, nani hajaona mama sokoni akirudishiwa dola yake juu ina mpasuko kidogo pembeni? Kambisti anaigeuza, anaiangalia juani, anasema "hii haipite". Karatasi ni ile ile, namba ni ile ile. Tunasema sababu ni karatasi. Kumbe watu wa Alexandria, miaka zaidi ya 2,200 iliyopita, walikuwa na dhahabu yenyewe na waliambiwa neno lile lile. Pesa haiishi kwa kuwa na kitu cha thamani ndani. Inaishi kwa kuwa na mahali panapopashwa kuipokea, na mtu wa pale awe anafanya kazi yake.

Tena angalieni: sheria ilikuwepo. Amri ya mfalme ilikuwa nzuri na yenye kueleweka. Aliyeikwamisha ni afisa mmoja tu katikati, na chini yake hakuna aliyejua wapi pa kulalamika. Hasara iliwafikia wote, mpaka mfalme, na Demetrios anaandika wazi kwamba mapato ya mfalme yanaharibika.

5. Dhahabu yenyewe ilitoka wapi?

Sehemu moja iliingia na wageni, kama tulivyoona. Sehemu nyingine ilichimbwa katika jangwa la mashariki ya Nili na kusini, katika nchi ya Nubia, ambayo leo iko kati ya Misri na Sudani. Karibu mwaka 275 mbele ya Kristo Ptolemaios wa 2 alipeleka jeshi Nubia, na njia ya kwenda kwenye migodi ya bonde la Allaqi ikawa mikononi mwake. Huko jangwani uliinuka mji ulioitwa Berenike Panchrysos, maana yake Berenike ya dhahabu tupu.

Katika karne ya 2 mbele ya Kristo, msomi mmoja wa Kigiriki, Agatharchides wa Knidos, aliandika habari za migodi hiyo. Kitabu chake kilipotea, lakini waandishi wa baadaye, Diodorus na Photios, walinakili sehemu kubwa. Kwa mtu anayejua kazi ya shimo, maelezo yake yanachoma moyo.

Wachimbaji walikuwa wafungwa: waliohukumiwa, mateka wa vita, na wengine waliosingiziwa tu au waliomkasirisha mfalme. Mara nyingine walipelekwa pamoja na jamaa zao. Walifungwa minyororo miguuni, wakafanya kazi usiku na mchana. Walinzi walikuwa askari wa mataifa mengine, wenye kusema lugha tofauti na ya wafungwa, ili mtu asiweze kumbembeleza mlinzi wala kupatana naye.

Mwamba mgumu waliuchoma moto kwanza ili upasuke, kisha wenye nguvu wakaupiga kwa nyundo za chuma, taa zimefungwa kwenye vipaji vya nyuso. Watoto waliingia kwa kutambaa katika mashimo membamba, wakaokota mawe na kuyatoa inje. Watu wa miaka zaidi ya 30 waliyatwanga katika vinu vya mawe. Baada yao wanawake na wazee walisaga kwa vijiwe, wawili watatu kwenye kijiwe kimoja, mpaka mawe yawe kama unga. Unga huo ukaoshwa kwa maji juu ya ubao ulioinama, udongo ukaondoka, dhahabu ikabaki. Mwishoni dhahabu iliwekwa katika vyungu pamoja na risasi, chumvi, bati kidogo na pumba za shayiri, ikapikwa siku tano mchana na usiku.

Agatharchides anaongeza kwamba hakuna aliyepumzishwa, si mgonjwa, si mzee, si mwanamke. Waliona kifo ni afadhali kuliko maisha. Anaandika pia kwamba ndani ya mashimo ya zamani watu walikuta mifupa mingi ya wachimbaji waliofunikwa na udongo, na patasi za shaba kutoka nyakati ambapo chuma hakikujulikana bado. Huyu hakuwa adui wa wafalme. Alikuwa mtu wa Alexandria, mwenye kusoma makaratasi ya serikali yao. Ndiyo maana ushahidi wake una uzito.

Sasa rudisheni macho kwenye mnaieioni ya Arsinoe. Pembe mbili zilizojaa matunda ni alama ya neema na baraka. Ukiiangalia sarafu peke yake, unaweza kuamini kwamba dhahabu ilianguka kutoka mbinguni pamoja na zabibu.

6. Mkulima na sarafu asiyoiona

Na huyu mkulima wa Nili, ambaye ngano yake ndiyo iliyoshikilia mlango, alipata nini? Mnaieioni hakuiona. Drakma 1 ilikuwa na oboli 6, na kibarua wa shamba wakati wa Ptolemaios wa 2 alilipwa oboli 1 au 2 kwa siku. Mnaieioni moja ni oboli 600. Yaani kibarua angefanya kazi siku 300 mpaka 600, bila kula kitu, ndipo apate sarafu moja ya malkia. Ile dhahabu ilikuwa ya maaskari wakubwa, ya matajiri na ya malipo ya serikali.

Mkulima alishika sarafu za shaba. Alizipata kwa shida, na zilirudi kwa mfalme haraka. Kulikuwa na kodi ya chumvi: karibu mwaka 260 mwanaume alilipa drakma 1 na nusu kwa mwaka, mwanamke drakma 1. Mume na mke ni oboli 15, kazi ya wiki moja au mbili, juu ya chumvi peke yake. Kodi ya namna hiyo ilikuwa na kazi ya pili pia: ilimlazimisha mtu wa kijijini, aliyezoea kubadilishana nafaka, kutafuta sarafu ya mfalme hata kama haitaki. Mafuta ya ufuta na ya mbarika nayo yalikuwa ya serikali: serikali ilipanga eneo la kupanda, ikapanga na bei ya kuuza. Mbegu za ngano mfalme alikopesha, na wakati wa mavuno alijilipa kwanza.

Apollonios yule yule aliyepokea barua ya Demetrios alipewa na mfalme shamba la arura 10,000 huko Philadelphia, karibu hekta 2,750. Mwaka 256 alimwandikia Zenon kwamba mfalme ameamuru ardhi ipandwe mara mbili kwa mwaka: mavuno ya kwanza yakitoka, imwagiliwe maji kwa mkono na ipandwe ngano ya miezi mitatu. Walikuwa wanakamua ardhi kama walivyokamua mwamba wa Nubia.

7. Mlango unavunjika

Mfumo huo ulikwenda vizuri kwa muda wa miaka karibu 100. Kisha ukaanza kuchoka. Mwaka 217 Ptolemaios wa 4 alishinda vita kubwa ya Raphia dhidi ya mfalme wa Siria, na kwa mara ya kwanza alitumia Wamisri wengi kama askari wa mstari wa mbele. Walirudi nyumbani na silaha na kiburi. Miaka kumi na kidogo baadaye kusini ya Misri iliasi, ikaweka mafarao wake wenyewe, na uasi huo ukadumu karibu miaka 20, mpaka 186. Kusini ndiko njia ya kwenda Nubia ilikopita.

Bei zikihesabiwa kwa shaba zilipanda mara nyingi. Sarafu za dhahabu zilipungua, na wakati wa Ptolemaios wa 8, aliyekufa mwaka 116, zilikuwa zinafika mwisho. Dhahabu na fedha zilizobaki zilianza kwenda Roma: Ptolemaios wa 12, baba wa Cleopatra, aliahidi wakubwa wa Roma karibu talanta 6,000 ili wamtambue kuwa mfalme. Cleopatra mwenyewe, ambaye filamu zinamwonyesha akioga ndani ya dhahabu, hakutoa sarafu ya dhahabu Misri. Sarafu zake za fedha zilichanganywa sana na shaba.

8. Tunachukua nini?

Sisi tunaosoma haya tunatoka katika nchi ambayo dhahabu yake inajulikana duniani, kutoka Kilo-Moto mpaka Kamituga. Kila tukikutana, mtu atasema: leta ingeshika dhahabu yetu, franka yetu ingekuwa na nguvu. Labda. Lakini dola tunayoikimbilia haina dhahabu nyuma yake tangu 1971, na trikriso yenye dhahabu tupu ilifika siku ikakosa mtu wa kuipokea.

Habari za Ptolemaios zinatufundisha kuuliza maswali yaliyo magumu zaidi ya "tuna tani ngapi?". Kwanza, kuna nini ghalani? Sarafu nyepesi ya Misri ilikubaliwa juu dunia ilihitaji ngano yake. Siku mashamba na amani vilipoharibika, sura ya malkia haikusaidia. Pili, amri nzuri inapita kwa nani mbele ya kumfikia mtu wa kawaida, na yule akikwama, analalamika kwa nani? Tatu, nani yuko shimoni, na hesabu yake inaandikwa katika buku gani? Wafalme hawa waliandika kila kitu: mbegu, mafuta, chumvi, mpaka vipande 57,000 vya dhahabu. Waliokuwa na minyororo miguuni tunawajua hasa kupitia Agatharchides, aliyejali kuandika.

Kati yetu wako wenye kusoma uchumi, sheria, jiolojia na kilimo. Kila mmoja ana swali lake hapo juu. Mimi nimechukua la kwanza.